Nimepewa amitriptilini, rafiki yangu anatumia fluoksetini, na mi bado nanyonyesha

Shikamoo dada. Naomba jina langu usiliweke. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 31, watoto wawili, mkubwa ana miaka minne na huyu mdogo ana miezi mitano, nilijifungua kwa upasuaji. Tangu nimejifungua sijawahi kuwa sawa. Mwanzo nikajua ni uchovu, maana kila mtu anasema ni uchovu wa uzazi utaisha, lakini haujaisha, nalia bila sababu, chakula sikitaki, mtoto akilia napandwa na hasira halafu nikishamnyonyesha najichukia kwa ile hasira. Baba yao kahamishiwa kikazi Mtwara kwa hiyo nyumbani niko mimi, mama mkwe na watoto. Usingizi ulikuwa hauji kabisa, hata mtoto akilala mi nakodoa macho mpaka adhana ya alfajiri.

Nikaenda zahanati nikaeleza sipati usingizi na kichwa kinauma, nikapewa amitriptilini za 25, nimeze kimoja usiku. Dada, usingizi nimepata ila ni wa kupotea kabisa, mtoto analia hapo hapo kitandani pembeni yangu sisikii mpaka mama mkwe aje kunitikisa. Asubuhi naingia darasani mzito, juzi nimesinzia mbele ya darasa la tatu na mwalimu mkuu akapita dirishani. Mdomo mkavu, choo kigumu mpaka mshono unavuta. Sa hivi nameza Ijumaa na Jumamosi tu, siku za kazi naziacha. Ni karibu miezi miwili sasa na huzuni iko pale pale.

Nina rafiki yangu tulisoma naye chuo, yuko Nairobi, anatumia fluoksetini anasema imemrudisha duniani na wala hasinzii. Wifi yangu anafanya kazi Muscat, yeye anatumia esitalopramu, anasema hizo tunazopewa huku ni za zamani, wenzetu walishaachana nazo. Basi nimenunua fluoksetini 20 duka la dawa, wameniambia kapsuli moja asubuhi, ziko kwenye mkoba sijaanza. Jirani naye kanipa Valium, eti nikikosa usingizi nimeze nusu.

Sasa dada nataka kujua ipi ndo nzuri kuliko zote? Naweza kumeza fluoksetini asubuhi na amitriptilini usiku nipate faida ya zote mbili? Zinaingia kwenye maziwa? Nitazizoea nishindwe kuacha? Mama mkwe anasema ni dawa za wendawazimu nizitupe, twende kwa shekhe nikasomewe. Na kuna usiku, nasema ukweli, natamani nilale tu nisiamke, ila nikiwaangalia watoto najikaza.

Mama wa wawili, Morogoro

*

Marahaba mdogo wangu. Pole sana, na asante kwa kuandika yote bila kuficha, hasa lile la mwisho ambalo ndilo naanza nalo kabla ya dawa yoyote.

Kutamani ulale usiamke ni dalili ya ugonjwa wako, ambao naona ni sonona, yaani ile huzuni ya ugonjwa inayohitaji tiba, si udhaifu wala kukosa imani wala kutowapenda wanao, na wanawake wengi baada ya kujifungua wanakuwa nayo wanaificha kwa aibu. Lakini ni dalili ya kuchukuliwa kwa uzito. Kama imeshafika hatua ya kufikiria utafanyaje, au unasikia sauti ambazo wengine hawasikii, au inakujia kwamba mtoto ana kitu kibaya ndani yake au ungemdhuru, hapo usisubiri siku nyingine, nenda hospitali leo hii, usiende peke yako, na useme maneno hayo hayo kwa anayekupokea. Kama ni ile tamaa tu inapita halafu inaondoka, bado nataka umwambie mtu mmoja mzima hapo nyumbani, na umuone daktari wiki hii hii.

Halafu vidonge vyote vilivyoko nyumbani, amitriptilini, fluoksetini, na hiyo Valium mpaka irudi kwa jirani, mkabidhi mama mkwe avifungie kabatini kwake. Amitriptilini ikizidi dozi inavuruga mapigo ya moyo vibaya, na una mtoto wa miaka minne ambaye kwake kidonge cha rangi ni pipi. Mi nimekaa dirisha la dawa miaka mingi, na hili la kuweka dawa hizi mbali na watoto huwa nalirudia kwa kila mama hata kama foleni nyuma yake ni ndefu.

Sasa lile la kuchanganya. Hapana. Usimeze fluoksetini asubuhi na amitriptilini usiku kwa kujipangia mwenyewe. Sababu yake iko kwenye ini. Kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuivunja amitriptilini ili itoke mwilini, na fluoksetini inakizuia kile kimeng'enya kufanya kazi. Matokeo yake kile kidonge chako kimoja cha 25 damu inakiona kama vile umemeza kadhaa, usingizi unazidi, mdomo unazidi kukauka, na moyo unaingia kwenye hatari ambayo wewe hukuiomba. Na fluoksetini haitoki haraka, ukiitumia kwa muda halafu ukaiacha, masalia yake yanaweza kukaa mwilini mpaka wiki 5. Kuna madaktari bingwa wanazichanganya wakiwa na sababu maalum, kwa dozi ndogo na kwa kukupima, lakini hiyo ni kazi yao. Zile kapsuli usizitupe, ziende na wewe hospitalini daktari azione, asije akakuandikia kitu bila kujua una nini kwenye mkoba.

Valium mrudishie jirani kwa heshima. Hiyo haitibu huzuni hata kidogo, inatuliza tu kwa saa chache, ukiizoea kuiacha ni shughuli, na kwa anayenyonyesha inapita kwenye maziwa na kujilimbikiza kwa mtoto mpaka analegea na kushindwa kunyonya vizuri.

Lingine la haraka ni kitanda, na hapa nakuomba kama dada yako. Najua kwetu mtoto mchanga analala na mama yake, na mimi wangu nimelala nao, lakini mama aliyemeza dawa ya kumlaza kiasi hasikii kilio hapaswi kulala kitanda kimoja na mtoto wa miezi mitano, maana anaweza kumlalia bila kujua. Usiku wowote utakaomeza amitriptilini, mtoto alale mahali pake palipo salama, hapo karibu na bibi yake, na bibi akuamshe muda wa kunyonya au wewe ukamue maziwa mapema ampe kwa kikombe. Kama usiku huo hamna mtu wa kukusaidia, usimeze mpaka uongee na daktari. Kwa dozi hiyo ndogo ambayo unameza siku mbili tu kwa wiki, kukosa usiku mmoja hakutakudhuru.

Haya, tuje kwenye ipi nzuri.

Kwanza nimtetee kidogo huyo wa zamani. Amitriptilini iliingia sokoni Marekani mwaka 1961, fluoksetini ikaidhinishwa Desemba 1987 kwa jina la Prozac, setralini 1991, esitalopramu 2002. Kwa hiyo wifi yako kwa umri hajakosea. Alipokosea ni kudhani ya zamani ndo dhaifu. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi mkubwa sana wa dawa hizi, majaribio 522, watu 116,477, dawa 21 zikalinganishwa, na zote zilifanya kazi kuliko kidonge kisicho na dawa ndani. Kwa nguvu ya kuondoa huzuni amitriptilini ilikuwa miongoni mwa zile za juu kabisa, pamoja na esitalopramu, mirtazapini, paroksetini na venlafaksini. Ila sasa, na hapa ndo pako wewe, ukiangalia dawa ambazo wagonjwa waliziacha njiani kuliko nyingine amitriptilini nayo imo, wakati fluoksetini, setralini na esitalopramu watu walizivumilia vizuri zaidi. Tofauti ya nguvu kati ya dawa na dawa ilikuwa ndogo. Tofauti ya jinsi mtu anavyojisikia akizitumia ndo inayoonekana kwenye maisha ya kila siku, kwa mwalimu anayetakiwa kusimama darasani saa mbili asubuhi na kwa mama anayetakiwa kumsikia mtoto saa nane usiku.

Na wala hazijaachwa. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya dawa muhimu linaweka amitriptilini na fluoksetini zote mbili, na huko Ulaya amitriptilini bado inaandikwa kila siku, hasa dozi ndogo kwa maumivu ya mishipa na kuzuia kipandauso.

Kwa nini inakulaza hivyo? Hii dawa inashika vitu vingi kwa mpigo. Inaongeza kemikali za serotonini na noradrenalini kati ya seli za ubongo, hilo ndo tunalolitaka, lakini papo hapo inafunga histamini, ndo usingizi na kuongezeka uzito, inafunga asetilikolini, ndo mdomo mkavu, choo kigumu, macho kuona ukungu na mkojo kugoma kwa wazee wenye tezi dume, na inashusha presha ukisimama ghafla, kwa hiyo ukiamka usiku kaa kwanza kitandani ndo usimame. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha ya macho haifai kwake bila daktari kuangalia vizuri. Yale unayoyapata wewe si kwamba mwili wako una tatizo, ndo tabia ya dawa yenyewe.

Lakini kuna kitu kingine ambacho hakuna aliyekuambia na nadhani ndo kiini cha barua yako. Miligramu 25 ni dozi ya kuanzia. Kwa sonona, mtu mzima kwa kawaida hupandishwa taratibu mpaka kama 75 hivi, wengine 150. Na wewe unameza siku mbili kwa wiki. Kwa hiyo mdogo wangu, sonona yako haijatibiwa bado, kilichotibiwa ni usingizi. Zahanati ulisema usingizi na kichwa, wakakupa kinachofaa kwa usingizi na kichwa, hilo lina mantiki yake. Huwezi kusema dawa imeshindwa na wala huwezi kusema mwili wako haupokei dawa za aina hii, kwa sababu hata nafasi haikupewa. Naandika hili kwa mkazo kwa sababu wanawake wengi wakifika hapo wanakata tamaa kabisa, wanasema nilishameza dawa za hospitali hazikunisaidia, wakati walichomeza ni kipande tu.

Sasa je, upandishwe amitriptilini au ubadilishiwe? Kwa hali yako, mama anayenyonyesha, mwenye mshono na choo kigumu, anayelala na mtoto, anayefundisha, na mwenye ile fikra ya usiku, mi ningekwenda kwa daktari nikiomba tuzungumzie kundi la pili, zile zinazogusa serotonini peke yake kwa sehemu kubwa. Humo ndo kuna fluoksetini ya rafiki yako, esitalopramu ya wifi, setralini, sitalopramu na paroksetini. Hazilazi sana, hazifungi choo kama hiyo, na ikitokea dozi imezidi kwa bahati mbaya hatari yake ni ndogo kuliko ya amitriptilini. Zina yake nazo. Siku za kwanza kichefuchefu, kwa sababu sehemu kubwa ya serotonini ya mwili iko tumboni, kwa hiyo kunywa baada ya kula. Kichwa kuuma, jasho, kuharisha kidogo hasa kwa setralini. Wengine wiki ya kwanza wanahisi wasiwasi umeongezeka na usingizi umepungua, halafu inatulia. Na hamu ya tendo la ndoa inaweza kushuka au kufika kileleni kukachelewa sana, kwa wanawake na kwa wanaume, hili watu hawaambiwi wanakuja kugombana ndani ya nyumba bila kujua chanzo, likikupata sema, kuna namna ya kurekebisha.

Ndani ya kundi hilo hilo kuna tofauti ambazo kwako zina maana. Fluoksetini inakaa mwilini muda mrefu, na hiyo ni faida kwa msahaulifu, ukiruka siku moja hutajisikia vibaya, na ukija kuiacha inajishusha yenyewe pole pole. Rafiki yako wa Nairobi hasinzii kwa sababu fluoksetini inachangamsha, ndo maana inamezwa asubuhi. Ila ule ukaaji wake mrefu kwa mtoto anayenyonya si faida, maana inapita kwenye maziwa kwa kiasi kikubwa kuliko ndugu zake na inachelewa kutoka kwenye mwili wa kichanga, na kuna watoto wameonekana kuwa wasumbufu, kulala vibaya au kunyonya vibaya. Si marufuku, mama ambaye ilimsaidia kabla au wakati wa ujauzito mara nyingi anaachwa aendelee nayo. Lakini wewe unaanza upya, kwa hiyo una nafasi ya kuchagua.

Kwa anayenyonyesha, setralini ndo madaktari wengi wanaianza kuifikiria, kwa sababu kiasi kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo sana, na mara nyingi kwenye damu ya mtoto haionekani hata ikipimwa. Kawaida ni 50 kwa siku, wengine wanaanzishiwa 25 siku za mwanzo tumbo lizoee. Esitalopramu nayo kwa maziwa iko vizuri na ni dawa nzuri, tatizo lake ni kwamba dozi ikiwa kubwa inaweza kuchelewesha umeme wa moyo, kwa hiyo mwenye historia ya moyo asimuige mtu. Paroksetini kwenye maziwa ni kidogo pia, ila kuiacha kwake kuna usumbufu na inaongeza uzito. Mirtazapini inaleta usingizi na hamu ya kula, ingekufaa kwa chakula lakini usiku ungerudi kwenye shida ile ile. Venlafaksini inaweza kupandisha presha, sioni haja ya kuanzia huko.

Kwa hiyo kama nimekuelewa vizuri, swali la kumuuliza daktari ni hili: je, setralini inapatikana na inanifaa, na kama haipatikani hapa, kati ya fluoksetini niliyonayo na kupandishwa amitriptilini kipi ni salama zaidi kwangu na kwa mtoto? Inawezekana kabisa akaangalia akasema tumia fluoksetini hiyo hiyo uliyonunua tutamwangalia mtoto, na hilo likitokea usione umepewa cha hovyo. Sonona isiyotibiwa nayo inamdhuru mtoto, mama asipokula, asipolala, asipomsemesha mwanae, mtoto anapungukiwa. Kumwachisha ziwa mtoto wa miezi mitano ili umeze dawa sio jambo la kukimbilia.

Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, kliniki ya afya ya akili, na safari hii useme yote uliyoniandikia, sio usingizi na kichwa tu. Useme huzuni, hasira, hatia, chakula, na ile fikra ya usiku. Kuna maswali 10 yaliyotengenezwa Edinburgh mwaka 1987 kwa ajili ya mama waliojifungua, yanajibiwa dakika chache, ukikutana nayo jibu kwa ukweli hasa lile la mwisho. Omba pia wapime wingi wa damu, maana umepasuliwa na hauli, na tezi ya shingoni ya thairoidi kama kipimo kipo, kwa sababu baada ya uzazi inaweza kuvurugika ikaleta uchovu na huzuni unaofanana kabisa na huu. Na kama umewahi kuwa na kipindi cha siku kadhaa hulali lakini huchoki, maneno mengi, mipango mingi, pesa zinatumika ovyo, au kuna ndugu wa damu mwenye hali hiyo, sema kabla hujaandikiwa chochote, kwa sababu kwa mtu wa namna hiyo dawa za sonona zikitumika peke yake zinaweza kumrusha upande wa pili, ule wa kuchangamka kupita kiasi.

Taja na dawa nyingine unazotumia. Kama ni diklofenaki ya mgongo au mshono, ukiichanganya na setralini au fluoksetini hatari ya kutoka damu tumboni inaongezeka. Tramadoli usichanganye nazo kabisa bila kuuliza. Na malaria, maana tuko Morogoro, ile dawa ya mseto inaweza kupandisha kiwango cha amitriptilini na kugusa umeme wa moyo, kwa hiyo siku ukipimwa ukakutwa na malaria usifiche kwamba unatumia dawa ya sonona, malaria itatibiwa, ila wajue. Pombe hujaitaja, kama ipo, iache.

Ukishaanza, usihesabu siku tatu ukasema haifanyi kazi. Wiki mbili za mwanzo unaweza usione kitu zaidi ya kichefuchefu, kuanzia ya pili kwenda ya nne usingizi na nguvu vinaanza kurudi, huzuni yenyewe mara nyingi inachukua mpaka wiki 4 au 6 kupungua sawasawa, na ni kila siku, shule ikiwepo isiwepo. Hizo wiki za kwanza ndo mtu wa karibu anatakiwa akuangalie zaidi, kama ile fikra ya usiku inazidi badala ya kupungua unarudi hospitali siku hiyo hiyo. Kwa wanaosoma hapa wakiwa chini ya miaka 25, au wenye mtoto wa umri huo, tahadhari hii ni kubwa zaidi kwenu, Marekani wameilazimisha iandikwe kwa mkazo, ndani ya boksi, kwenye karatasi ya maelezo ya dawa. Ikifika wiki ya sita kwenye dozi kamili hakuna kitu, unabadilishiwa, watu wengi dawa ya kwanza haiwafikishi wanapotaka na ya pili inawafikisha.

Mtoto naye mwangalie, ananyonya kama kawaida? Anaamka mwenyewe kunyonya au analala kupita kiasi? Uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda? Kama yote hayo yako sawa, basi yuko sawa.

Kuzoea. Hazina ule uraibu wa kuzitamani na kuongeza dozi mwenyewe kama Valium. Lakini mwili unajizoesha, ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, hasira, ndoto za ajabu, kama shoti za umeme kichwani, na zaidi ni kwa paroksetini na venlafaksini. Dawa yake ni kushusha dozi taratibu ukiongozwa. Kosa kubwa ninaloliona ni mtu kuacha mwezi wa pili kwa sababu amepona, halafu mwezi wa nne yuko kitandani tena. Ukijisikia mzima unaendelea nayo bado, Shirika la Afya Duniani linasema miezi 9 mpaka 12 baada ya dalili kuisha, ndo mnapanga kushuka.

Na dawa peke yake isibebe kila kitu. Pakistan vijijini, utafiti uliotoka 2008 kwenye Lancet hiyo hiyo, wahudumu wa afya wa jamii walifundishwa kuwatembelea nyumbani mama wenye sonona, kukaa nao, kuwasaidia kupanga mawazo na siku zao, na familia ikihusishwa. Baada ya miezi 6 waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, wakati wale waliopata matembezi ya kawaida walikuwa asilimia 53. Hakukuwa na daktari bingwa pale, walikuwa ni wanawake wa pale pale kijijini waliofundishwa. Kwa hiyo ulizia mshauri hospitalini, na kama yupo usimwache kwa sababu tu umepata vidonge.

Mama mkwe usimfanye adui. Anayeamka usiku kukutikisa mtoto akilia ni yeye, bila yeye sijui ungekuwa wapi. Kwa shekhe nenda kama moyo wako unataka, kusomewa hakugombani na kidonge, mradi asikuambie uache dawa wala usifunge kula katika hali hiyo. Hili la dawa za wendawazimu hutalishinda kwa kubishana jikoni, mchukue muende wote kliniki, mwambie mama nisindikize nikupe mtoto umshike, daktari atamweleza mwenyewe kwamba hii ni hali ya baada ya uzazi na inatibika. Wakwe wengi wakiishasikia kwa mtu wa koti jeupe ndo wanakuwa wasimamizi wa dawa wakali kuliko nesi.

Na baba wa watoto kwenye barua yote umemtaja mstari mmoja, yuko Mtwara, basi. Anajua? Mpigie leo, sio meseji, umwambie siko sawa tangu nijifungue, naenda hospitali, nataka uwepo au umtume dada yako aje akae na sisi wiki mbili za mwanzo za dawa. Kuomba ruhusa kwa sababu mke anaumwa si aibu, na wewe shuleni unaweza kupewa ED, ile karatasi ya daktari ya kupumzika kazi, kwa siku ambazo daktari ataona huwezi kusimama darasani, muombe akiwa anakuandikia dawa, usisubiri mpaka mwalimu mkuu apite tena dirishani.